Majini wa Kijuju: Kuhifadhi na Kurekebisha Mchezo Unaosema Kiswahili

Mwezi wa Machi 2009 kampuni ya Capcom ya Japani ilitoa mchezo wa video uitwao Resident Evil 5. Kisa chake ni cha watu wawili, Chris Redfield na Sheva Alomar, wanaopigania uhai wao katika mji wa kubuni, Kijuju, uliowekwa Afrika ya Magharibi, ambako wenyeji wameingiwa na vimelea vinavyowapoka akili. Wenyeji hao huitwa Majini, nao husema Kiswahili. Jambo hili ndilo linalotuhusu sisi wanafunzi wa lugha.

Ama kuhusu jina lenyewe, lina kasoro. Jini wa itikadi za pwani si mgonjwa wala si maiti. Ni kiumbe aliyeumbwa kwa moto, mwenye dini yake na jina lake, na akimpanda mtu husemezwa, huulizwa atakalo, akapewa. Lau watungaji wangaliuliza, wangaliambiwa kwamba neno linalokaribia maana yao ni msukule, au ndondocha, kama wasemavyo Tanzania: mtu aliyetwaliwa kwa uchawi akatumikishwa pasi na fahamu. Na kukihamishia Kiswahili Afrika ya Magharibi ni kosa ambalo mtoto wa shule ya msingi angelisahihisha. Picha za mchezo zilizoonyeshwa 2007 zilizusha lawama za ubaguzi kwa kumwonyesha mzungu akiupiga risasi umati wa Waafrika. Lakini mjadala ule ulihusu ngozi zaidi kuliko ulimi.

Kijana wa Likoni au Kisauni akiushika mchezo huu humsikia adui akimtisha kwa lugha ya mamake. Mwenziwe wa Changamwe, mahali penye jina moja na mojawapo ya Thelatha Taifa za Mombasa, ana sababu kubwa zaidi ya kushangaa: mbele yake lugha ya wahenga wake imegeuzwa sauti ya waliopotewa na akili.

Sasa mchezo umezeeka. Toleo la kompyuta, la Septemba 2009, lilifungamanishwa na huduma ya Microsoft iitwayo Games for Windows Live, na huduma ile ilipodhoofika mchezo nao ulitiwa mashakani. Baadaye Capcom ililegeza kifungo hicho. Marekebisho ya 2023 yalileta pia kioo kilichogawanywa kwa wachezaji wawili, jambo ambalo mafundi wapenzi walikuwa wamekwisha kujifanyia. Mafundi hao hufungua makasha ya mafaili, wakabadili mavazi, silaha au sauti, kisha wakayafunga tena. Kwa njia iyo hiyo mtu aweza kuziondoa sauti za Majini na kutia Kimvita fasaha, au kulifuta jina na kuandika Misukule. Je, afanye?

Fasihi yetu imekwisha kukutana na suala hili. Mashairi ya Muyaka bin Haji wa Mombasa, aliyefariki yapata 1840, yaliishi vinywani mwa watu hadi W. E. Taylor alipoyakusanya kwa msaada wa Mwalimu Sikujua. William Hichens aliyachapisha 1940, na Mohamed Abdulaziz akayachunguza upya katika kitabu chake cha 1979. Kila mmoja alitia mkono wake, na aliyefuata aliweza kuupima mkono huo kwa kuwa miswada ya Taylor ilihifadhiwa London.

Kwa hiyo tunaona kwamba kurekebisha kunaruhusika, bali kwa nakala ya pembeni, yenye jina lake na mwaka wake. Toleo la 2009 libaki lilivyo pamoja na makosa yake, maana makosa hayo ni ushahidi wa jinsi Kiswahili kilivyodhaniwa ng'ambo katika mwaka ule. Aidha, maneno ya Majini yafaa kunukuliwa yote na wasemaji wenyewe, matamshi yakiandikwa kama yasikikavyo, wala si kama yalivyopasa kuwa. Kazi hii yahitaji diski moja, mashine ya kuichezea, na masikio ya vijana wachache wa ng'ambo ya kivuko cha Likoni, ambao wameizoea sauti ile kuliko sisi.