Kapasita ya Twita na Historia ya Usikivu wa Nyumbani Bukoba

Uandishi wa historia ya redio nchini Tanzania umeshughulikia zaidi mitambo ya kurushia matangazo kuliko vyombo vinavyoyapokea. Mfuatano wake unafahamika: Sauti ya Dar es Salaam ilianza mwaka 1951, Shirika la Utangazaji la Tanganyika likafuata mwaka 1956, kisha Radio Tanzania Dar es Salaam mwaka 1965. Katika mfuatano huo msikilizaji wa Kitendaguro, Bukoba, huonekana kama sikio tu. Spika iliyomfikishia sauti, na fundi aliyeifungua, hawatajwi.

Ukimya huo una sababu ya kiufundi ambayo haijapewa uzito. Redio ya betri ya miaka ya 1960 na 1970 kwa kawaida ilikuwa na spika moja. Mazungumzo ya binadamu hueleweka bila kuvuka hezi 3,400, kiwango ambacho simu imekitumia kwa miongo mingi, na spika moja ya karatasi hukifikia bila taabu. Mwezi Novemba 1978, Rais Nyerere alipolitangazia taifa vita dhidi ya majeshi ya Idi Amin yaliyokuwa yameivamia Kagera, hotuba yake haikuhitaji twita.

Muziki ndio uliodai mgawanyo wa sauti. Baada ya masharti ya uagizaji bidhaa kulegezwa mwaka 1984, vyombo vya kaseti vyenye masanduku ya spika vilipata njia pana ya kuingia nchini. Nyimbo za Kihaya za Saida Karoli, mwanzoni mwa miaka ya 2000, zilikuta masikio yaliyokwisha kuzoea kutofautisha besi na sauti nyembamba. Ndani ya sanduku, wufa hubeba sauti nzito na twita nyembamba. Watengenezaji wa spika za gharama kubwa hugawa kazi hiyo kwa koili na kapasita zilizokokotolewa kwa makini, mathalani kwa mpangilio uliochapishwa na Linkwitz mwaka 1976. Katika sanduku la bei nafuu, kigawanyi chote mara nyingi ni kapasita moja iliyochomelewa kwenye waya wa twita.

Hapo ndipo uamuzi wa fundi unapoingia. Kapasita ya mikrofaradi 2.2 mbele ya twita ya omu 8 huweka mpaka karibu na hezi 9,000. Ikiwekwa ya 4.7, mpaka hushuka hadi hezi 4,200 hivi. Twita hulia kwa nguvu zaidi na mteja huondoka ameridhika, ingawa chombo sasa kinabeba mzigo ambao pengine hakikuundiwa, na huweza kuungua katika sherehe ya kwanza. Njia ya pili haina mvuto: kubakiza thamani ileile, ila kuondoa kapasita ya kemikali, ambayo hukauka kadiri miaka inavyopita, na kuweka ya plastiki. Mengi yanayosifiwa kuwa maboresho ni chombo kurudishiwa tu hali yake ya awali.

Tofauti hiyo ina uzito kwa mwanahistoria. Sanduku la mwaka 1985 linalokutwa sebuleni leo si ushahidi wa sauti ya mwaka 1985 mpaka lifunguliwe, thamani ya kapasita isomwe, na alama za uchomeleaji wa pili zitafutwe. Fundi aghalabu hakuandika daftari la kazi hiyo.