Ujamaa katika Falsafa na katika Riwaya

Katika insha yake ya 1962, Julius Nyerere aliujenga ujamaa juu ya udugu wa jadi: jamii ingeingia katika usasa kwa kuupanua ukoo hadi ulienee taifa. Euphrase Kezilahabi aliipima hoja hiyo kwa maisha ya kijijini. Katika Gamba la Nyoka (1979), riwaya iliyotoka miaka michache baada ya uhamishaji wa lazima wa 1973 hadi 1976, wakulima wanaletewa mabadiliko yaliyoamuliwa mbali nao, na baadhi yao wanayapinga. Anwani yenyewe yadokeza shaka, kwani nyoka ajivuapo gamba hubaki nyoka. Mhakiki anayeiona riwaya hii kuwa lawama ya kisiasa tu hulipuuza swali lake la kifalsafa: je, udugu ukishaamrishwa hubaki udugu?