Asili ya Nukta na Alama ya Kuuliza

Sisi tufundishao watoto kuandika twaulizwa mara nyingi na wazazi wao: Ya nini kuwasumbua watoto kwa nukta na vijistari? Je, maneno yenyewe hayatoshi? Swali hili lastahili jibu, na jibu lake limo katika historia ya alama hizo.

Hapo kale Wayunani waliandika maneno yao yakiwa yameshikamana yote, pasipo nafasi kati ya neno na neno. Msomaji alipaswa kutafuta mwenyewe mahali pa kupumua. Yapata mwaka 200 kabla ya Kristo, Aristophanes wa Byzantium, mkuu wa nyumba ya vitabu ya Alexandria katika Misri, aliweka nukta za namna tatu: ya chini, ya kati, na ya juu. Ile ya juu ilionyesha kwamba maneno yametimia. Basi tangu mwanzo nukta ilikuwa msaada kwa mtu atamkaye maneno yaliyoandikwa na mwingine.

Alama ya kuuliza ilikawia sana. Yaonekana katika vitabu vilivyonakiliwa kwa mkono katika karne ya 8, katika milki ya Charlemagne. Ilikuwa nukta, na juu yake mstari uliopinda ukipanda kuelekea kulia, kana kwamba wafuata sauti ya mtu aulizaye. Alama ya mshangao ilikuja nyuma yake, huko Italia, katika karne ya 14. Tena mwaka 1754 chuo cha lugha cha Hispania kiliagiza kwamba swali refu litiwe alama mwanzoni pia, nayo iwe kichwa chini. Kwani katika Kihispania swali huweza kuwa na maneno yale yale ya habari, na msomaji huenda akafika mwisho kabla hajajua kwamba alikuwa akiuliza.

Sasa tuitazame lugha yetu. Tenzi za kale za Kiswahili ziliandikwa kwa herufi za Kiarabu, na vina vyake vilimjulisha msomaji mahali pa kutua. Krapf alifika Mombasa mwaka 1844, akaanza kuandika Kiswahili kwa herufi za Kirumi. Mwaka 1870 Steere alitoa kitabu chake cha kueleza lugha hii. Pamoja na herufi hizo zilikuja alama za Ulaya, nazo zilikuta kwetu kazi kubwa kuliko waliyo nayo Waingereza. Mwingereza akiuliza hubadili mpango wa maneno yake. Sisi husema, “Baba amekufa,” tukaarifu, tena twasema, “Baba amekufa?” tukauliza. Hakuna neno lililosogea. Sauti tu ndiyo iliyogeuka.

Tuseme kijana aliye kazini mbali amesikia uvumi, naye amwandikia ndugu yake wa mji mwingine kumwuliza kama ni kweli, lakini asitie alama ya kuuliza. Ndugu huyo atamlilia mtu aliye hai.

Ni kweli kwamba tunalo neno “je”, ambalo likitangulia humwonya msomaji mapema, kama ile alama ya Wahispania. Tunayo pia nani, nini, lini na wapi. Lakini hayo nayo huwapoteza wanafunzi, wakadhani kila palipo na “nani” ni swali. “Nani amekuja?” ni swali. “Sijui nani amekuja.” ni habari, nayo yataka nukta.

Kwa hiyo twaona yafaa mwalimu asianze na ubao, bali na masikio. Watoto wafunge vitabu, naye aseme maneno haya kwa sauti tatu: Mvua imekwisha. Mvua imekwisha? Mvua imekwisha! Wao wajibu: ni habari, ni swali, au ni mshangao. Kisha aongeze amri, “Fungeni mlango,” wajue kwamba amri ya upole hutosheka kwa nukta, bali mtu apigaye kelele, “Tokeni, nyumba yaungua!” hustahili alama ya mshangao. Wakiisha kusikia tofauti, ndipo washike kalamu.

Nao wazazi watatusaidia wakimwambia mtoto asome kwa sauti barua aliyoiandika, kabla haijatiwa katika bahasha. Aandikaye haendi pamoja na barua yake, wala hawezi kusimama kando ya msomaji na kumwambia, “Hapo nilikuwa nauliza.” Yale aliyoyakusudia kwa sauti, asipoyatia alama, yamebaki nyumbani.