Masafa Mawili na Tatizo la Ikweta: Ionosfia katika Historia ya Urambazaji kwa Setilaiti, 1957–2005

Historia ya urambazaji kwa setilaiti husimuliwa mara nyingi kama historia ya ushindi: ionosfia iliyachelewesha mawimbi ya redio, wahandisi wakaongeza masafa ya pili, tatizo likaisha. Masimulizi hayo ni kweli kwa sehemu tu. Hayasemi ni nani aliyeruhusiwa kuyatumia masafa hayo ya pili, wala ni wapi ambako hata masafa mawili hayakutosha.

Ionosfia ni eneo la anga la juu ambamo mnururisho wa jua hung'oa elektroni kutoka katika atomi na molekuli. Ishara ya redio ipitapo humo huchelewa, na kuchelewa huko huongezeka kadiri elektroni zilivyo nyingi njiani, na hupungua kwa mraba wa masafa. Kwa kuwa kipokezi hukadiria umbali kwa kupima muda, uchelewaji husomeka kama umbali wa ziada: mita chache usiku, na hata makumi ya mita mchana katika miaka ambayo jua lina harakati nyingi.

Baada ya Sputnik 1 kurushwa tarehe 4 Oktoba 1957, William Guier na George Weiffenbach wa Chuo Kikuu cha Johns Hopkins waliukokotoa mzingo wake kwa kufuatilia badiliko la Doppler katika ishara zake. Mwenzao Frank McClure aliligeuza swali: ikiwa mahali panapojulikana hufichua mzingo, basi mzingo unaojulikana waweza kufichua mahali. Ndipo ulipozaliwa mfumo wa Transit wa Jeshi la Majini la Marekani. Setilaiti zake zilitangaza katika megahezi 150 na 400, na kwa kulinganisha ishara hizo mbili sehemu kubwa ya athari ya ionosfia iliondolewa.

GPS iliurithi ufumbuzi huo, lakini kwa masharti. Masafa ya megahezi 1575.42 yalibeba msimbo wa raia. Yale ya megahezi 1227.60 yalibeba msimbo wa kijeshi pekee, nao ulifungwa kwa usimbaji fiche mwaka 1994. Wapima ardhi wenye vifaa ghali walipata mbinu za kunufaika na masafa ya pili bila kuufungua msimbo; baharia wa kawaida hakuwa na uwezo huo. Aliachiwa kanuni ya makadirio ya John Klobuchar, inayotumia vigawo vinane vinavyotangazwa na setilaiti zenyewe na kuondoa takriban nusu ya kosa.

Nusu inayobaki hailingani kila mahali. Mwaka 1946 Edward Appleton alionyesha kwamba elektroni hazisongamani zaidi juu ya ikweta ya kisumaku, bali katika mikanda miwili, kaskazini na kusini yake, kwenye takriban nyuzi 15 za latitudo ya kisumaku. Katika Afrika Mashariki ikweta hiyo hupita Ethiopia, hivyo mkanda wa kusini huangukia karibu na mwambao wa Tanzania. Nusu ya kosa katika Dar es Salaam ni mita nyingi kuliko nusu ya kosa katika London.

Jua likishatua huja tatizo la aina nyingine. Viputo vyenye elektroni chache hupanda kutoka chini ya ionosfia, na kingo zake zilizochakaa huifanya ishara imetemete hadi kipokezi kuipoteza. Masafa mawili hayasaidii hapo, kwani hakuna cha kulinganisha. Wahandisi wengi walidhani masafa ya gigahezi yako salama, mpaka vituo vya INTELSAT vya nchi za tropiki vilipoanza kuripoti mmemetuko huo karibu na mwaka 1970. Dhana hiyo ilitokana na uzoefu wa latitudo za kati, si na fizikia yenyewe. Tena, ukanda wa ikweta haukuwa mgeni kwa utafiti: tarehe 26 Aprili 1967 Italia ilirusha San Marco 2, yenye kitoa mawimbi cha kuchunguzia ionosfia, kutoka jukwaa la baharini karibu na Malindi.

Marekani ilipoacha kuivuruga ishara ya raia kwa makusudi mnamo Mei 2000, ionosfia ilibaki chanzo kikuu cha kosa kwa mwenye masafa mamoja. Setilaiti ya kwanza yenye msimbo wa raia katika masafa ya pili ilirushwa Septemba 2005. Viputo vya jioni havikuguswa na hatua hiyo.