Discovery ilivyoigawa dunia kwa sauti

Mwishoni mwa miaka ya 1990, mtaani kwetu Tanga, nyumba yenye dishi ilikuwa moja tu. Jioni tulijaa sebuleni humo, watoto mkekani, wakubwa kwenye makochi, na mjomba wangu, mwalimu wa shule ya msingi, amesimama ubavuni mwa televisheni. Kazi yake ilikuwa kututafsiria. Papa anaibuka majini kinywa wazi, msimulizi anamwaga Kiingereza chake, mjomba anamvizia anapovuta pumzi ndipo aingize yake: "Anasema huyu jino likidondoka, linaota jingine." Neno likimshinda alinyamaza, nasi tukaendelea kutazama picha. Chaneli yenyewe ilikuwa Discovery.

Nilipokuja kufuatilia historia ya kampuni ile, niligundua kwamba alichokuwa akifanya mjomba bure, wao walikuwa wakikifanya nchi baada ya nchi, kwa mipango na kwa fedha.

Discovery Channel ilianza kurusha matangazo Juni 17, 1985, huko Marekani, ikiwa kwenye nyumba 156,000 tu. Mwanzilishi wake, John Hendricks, alikuwa amefanya kazi chuo kikuu, na aliamini wako watu wa kutosha wanaopenda filamu za maarifa kiasi cha kuzitazama kila siku. Mwaka uliofuata fedha zilikaribia kumwishia. Walioiokoa chaneli ni kampuni za televisheni za waya, ikiwemo TCI ya John Malone, zilizonunua hisa kwa sababu zilihitaji kitu cha kuwapa wateja wao. Kuanzia hapo Discovery ikawa na mtaji, na pia ikawa na njia ya kuingia majumbani.

Kuvuka bahari kulikuja upesi. Mwaka 1989 ilianza Discovery ya Ulaya, ikilenga Uingereza na nchi za Skandinavia. Mwaka 1994 ikaingia Asia ya Kusini-Mashariki na Amerika ya Kusini, na mwaka 1995 India. Tuikumbuke hiyo 1994: ndipo kituo cha ITV kilipoanza Dar es Salaam, televisheni ikiwa bado changa Tanzania Bara.

Katika biashara hii, kanda ya matangazo haichorwi na mipaka ya nchi peke yake. Huchorwa na eneo linalofikiwa na mawimbi ya setilaiti, na mikataba ya haki, maana kipindi huuzwa kwa eneo: aliyenunua haki za Ulaya hana ruhusa ya kukionyesha Asia. Huchorwa pia na matangazo ya biashara. Lakini kwa mtazamaji aliyeketi nyumbani kwake, vyote hivyo havionekani. Yeye anachokitambua ni lugha.

Na kwenye lugha kila kanda ilikuwa na desturi yake. Skandinavia wamezoea kusoma maandishi chini ya picha, wakiacha sauti ya asili isikike. Wajerumani huiondoa kabisa sauti ya mgeni na kuweka ya kwao. Amerika ya Kusini ilipata Kihispania, Brazil Kireno, India Kihindi, na mwaka 2011 ikaongezwa chaneli nzima ya Kitamil. Mimi hunivutia zaidi Poland. Huko kuna msomaji mmoja, wao humwita lektor, anayesoma maneno ya watu wote, mwanamume kwa mwanamke, mzee kwa mtoto, kwa sauti tulivu, huku sauti ya asili ikisikika kwa mbali nyuma yake. Hakuna kundi la waigizaji wala studio ya kifahari. Ni mjomba wangu yule yule, ila amepewa kiti, karatasi na maikrofoni.

Kanada ilifanya jambo kubwa zaidi ya kubadili sauti. Sheria zake haziruhusu chaneli ya namna hiyo kumilikiwa na wageni, na zinadai sehemu ya vipindi itengenezwe nchini. Kwa hiyo Discovery ya Kanada, iliyoanza mwaka 1995 ulipokuwa ukiingia, ilikuwa mikononi mwa Wakanada, kampuni mama ikishika hisa chache. Matunda yake ni kipindi cha habari za sayansi kilichorushwa kila siku ya kazi, ambacho baadaye kilikuja kuitwa Daily Planet, kikadumu hadi 2018. Mtoto wa Toronto alikuwa akiwaona wanasayansi wa nchi yake wakieleza kazi zao jioni ile ile. Kipindi cha namna hiyo hakikuzaliwa na hisani ya mwekezaji. Kilizaliwa na sheria.

Sisi Discovery ilitufikia kupitia DStv, huduma iliyoanzia Afrika Kusini mwaka 1995. Ilikuja kwa Kiingereza, na miaka yote niliyoitazama sikuisikia ikisema Kiswahili. Duma na nyumbu wa mbuga zetu nimewaona humo mara nyingi kuliko nilivyowaona kwa macho yangu, na kila mara walikuwa wakielezwa kwa lugha ambayo bibi yangu haijui.

Wako watakaosema soko letu dogo, tena wenye dishi wanajua Kiingereza. Basi watazame mfululizo wa Planet Earth wa mwaka 2006, uliotengenezwa na BBC kwa kushirikiana na Discovery na NHK ya Japani. Waingereza walisimuliwa na David Attenborough. Discovery ilipouonyesha Marekani ilimwondoa, ikamweka Sigourney Weaver. Wamarekani wanakielewa Kiingereza cha Attenborough neno kwa neno, lakini bado walitafutiwa sauti ya nyumbani. Ikiwa wao walistahili, mwenye Kiswahili anastahili mara mbili.

Mwaka 2022 kampuni hiyo iliungana na WarnerMedia, ikawa Warner Bros. Discovery, na leo maamuzi ya kanda hizi hufanywa mbali zaidi nasi. Huku nyumbani, TBC ilizindua Tanzania Safari Channel Desemba 2018 kutangaza vivutio vya nchi. Hilo ni jema, lakini mtoto anahitaji pia kuambiwa kwa lugha yake kuhusu papa, volkano na mwezi.

Ombi langu ni kwa vituo vyetu vya Tanzania na Kenya, na kwa wauza ving'amuzi wote. Mnaponunua haki za makala hata moja ya bahari au ya mwitu, iwekeeni msomaji wa Kiswahili, mtu mmoja tu kama wafanyavyo Poland, kisha muionyeshe saa ambayo watoto hawajalala.