Sili wa Galapagos na Mwaka wa Njaa

Visiwa vya Galapagos, milki ya Ekwado, hupitiwa na Ikweta ile ile ipitayo nchini kwetu. Hata hivyo huko huishi sili wa manyoya mazito, kana kwamba ni nchi ya barafu. Sababu ni mkondo wa maji baridi upitao chini ya bahari. Ukigonga visiwa hupanda juu na rutuba ya kilindini, na samaki hustawi. Jike huwinda usiku, samaki wadogo na ngisi wapandapo. Mbalamwezi ikiwaka, hao hubaki chini, naye hujipumzisha mwambani.

Mwaka 1982 ikaja El Niño, jina tulijualo Kenya kwa mvua za 1997. Pepo zikalegea, maji ya moto yakatanda, na mkondo ukafifia. Samaki wakawa adimu. Mama aliyezoea kurudi kunyonyesha baada ya siku moja au mbili sasa alikawia siku kadhaa. Wala hakuwa mzembe, chakula ndicho kilichokosekana. Watoto waliozaliwa mwaka ule wakafa karibu wote, na madume wakubwa vivyo hivyo. Maji baridi yalirudi katikati ya 1983, lakini watoto waliozaliwa mwaka huo walikuwa wachache mno.