Jemadari wa Mbale na Sabato yake

Anayetoka Iringa mjini kuja Idodi, kwa barabara ya Hifadhi ya Ruaha, hupita njia ya kuchepukia Mlambalasi, mahali alipolala Mtwa Mkwawa wa Wahehe. Hapo ndipo alipojipiga risasi Julai 1898, akikataa kutiwa mikononi mwa Wajerumani. Miezi tisa baadaye, Aprili 1899, jemadari wa Kiganda aitwaye Semei Kakungulu alikuwa Lango, kaskazini mwa Uganda, akiwasaidia Waingereza kuwakamata Kabaka Mwanga wa Buganda na Mukama Kabalega wa Bunyoro. Sisi tuliokulia katika sifa za Mkwawa ni wepesi wa kumhukumu Kakungulu kwa siku ile moja. Lakini alikuwa bado na karibu miaka thelathini ya kuishi, na katika miaka hiyo alianzisha jumuiya ya Wayahudi ambayo ipo hadi leo katika vilima vya Mbale, chini ya Mlima Elgon. Wenyewe hujiita Abayudaya.

Kakungulu aliiteka Uganda ya mashariki kwa jeshi lake mwenyewe, akaanzisha mji wa Mbale, akatarajia kwamba Waingereza watamtawaza kuwa mfalme wa Bukedi, kama eneo hilo lilivyoitwa. Walimwacha amalize kazi, kisha wakampunguzia madaraka kidogo kidogo. Mwaka 1906 walimhamishia Busoga awe mkuu wa baraza la machifu. Mwaka 1913 akaacha cheo, akarudi Mbale akiwa na uchungu mwingi. Akajiunga na Bamalaki, kundi la Kikristo lililokuwa limejitenga na Waanglikana, likikataa dawa za hospitali na kuitunza Jumamosi kuwa Sabato.

Biblia nzima kwa Kiganda ilikuwa imechapishwa tangu 1896, na Kakungulu alikuwa msomaji asiyechoka. Aliposoma agizo alilopewa Ibrahimu, akauliza kwa nini wao hawatahiri. Wenzake wakamjibu kwamba hayo ni mambo ya Wayahudi. Basi, akasema, yeye ni Myahudi. Mwaka 1919, akiwa na umri wa kama miaka hamsini, alitahiriwa yeye na wanawe, akahamia Gangama, karibu na Mbale, pamoja na waliomfuata.

Wapo wanaodai kwamba ile ilikuwa hasira tu dhidi ya wakoloni. Hasira ilikuwapo, sikatai, nayo ingetosha kumtoa kanisani. Lakini mtu mwenye hasira tu haketi kuandika kitabu cha sala na kanuni cha kurasa zipatazo 90, kama alivyofanya Kakungulu mwaka 1922, wala hajengi shule ya kuwafundisha vijana Torati. Hakuna mmisionari wa Kiyahudi aliyekuwa amemfikia. Mwalimu wake wa kwanza alikuja dini ikiwa imeshaanza: msafiri Myahudi anayekumbukwa kwa jina moja tu, Yosefu, aliyekaa nao kama nusu mwaka mnamo 1920 akawafundisha kalenda ya sikukuu, namna ya kuchinja, na vyakula vilivyo halali na vilivyo haramu.

Hapa kuna jambo ambalo wengi hulichanganya. Mwaka 1903 serikali ya Uingereza iliwapa Wazayuni wa Ulaya nafasi ya kuhamia Afrika Mashariki, na mpango huo ukaitwa wa Uganda, ingawa ardhi yenyewe ilikuwa Uasin Gishu, Kenya ya leo. Tume ilitumwa kuikagua, na mwaka 1905 mkutano wao ukaikataa. Abayudaya hawana uhusiano wowote na mpango ule.

Kakungulu alifariki Novemba 24, 1928. Jumuiya ikagawanyika, ikaendelea bila kujulikana na ulimwengu, ikiongozwa kwa miaka mingi na Samson Mugombe.

Kisha akaja Idi Amin. Mwaka 1972 aliwafukuza Waisraeli, na baadaye akapiga marufuku dini ya Kiyahudi. Masinagogi yalifungwa, watu wakawa wanasali majumbani kwa kujificha. Gershom Sizomu, ambaye leo ni rabi wao, amesimulia jinsi baba yake alivyokamatwa kwa kosa la kufundisha Torati na jinsi familia ilivyotoa mbuzi ndipo akaachiwa. Wengi waliingia Ukristo au Uislamu. Utawala ule ulipofika mwisho, walikuwa wamebaki kama 300 tu.

Kampala ilianguka Aprili 11, 1979, na jioni ya siku hiyohiyo ilianza Pasaka ya Wayahudi, sikukuu ya kukumbuka kutoka utumwani Misri. Walioingia Kampala walikuwa askari wa JWTZ, jeshi la Tanzania, pamoja na Waganda waliokuwa uhamishoni. Vijana wa Iringa walikuwamo katika vita ile ya Kagera dhidi ya Amin. Hakuna aliyevuka Kagera kwa ajili ya Abayudaya, na sidhani wengi walijua kwamba kuna watu kama hao. Hata hivyo ushindi ule ndio uliowarudishia sinagogi, na naona inafaa tuuhesabu tunapoitaja vita hiyo.

Leo wanakadiriwa kuwa 2,000 hivi. Mwaka 2002 marabi kutoka nje walikuja kilima cha Nabugoye, karibu na Mbale, na karibu watu 400 wakapitia taratibu rasmi za uongofu. Sizomu alisomea urabi Los Angeles, akahitimu 2008, na mwaka 2016 wapiga kura wa Bungokho Kaskazini, ambao karibu wote si Wayahudi, wakamchagua kuwa mbunge. Nyimbo zao za Ijumaa jioni, Sabato inapoingia, huimbwa kwa Kiebrania na Kiganda pamoja na gitaa na ngoma. Albamu ya muziki wao iliteuliwa kuwania tuzo ya Grammy.

Kinachonigusa zaidi ni kahawa. J.J. Keki, mmoja wa Abayudaya, alikuwa New York Septemba 11, 2001, akayaona mauaji yale kwa macho yake. Aliporudi alikwenda nyumba kwa nyumba kwa majirani Waislamu na Wakristo, na mwaka 2004 wakaanzisha ushirika wa Mirembe Kawomera, yaani amani tamu. Mkutano wa ushirika kama huo haupangwi Ijumaa mchana, wala Jumamosi, wala Jumapili asubuhi. Hivyo arabika ya Elgon ikavunwa kwa mkono na dini tatu, ikauzwa Marekani kwa jina moja.

Kukubalika Israel ni habari nyingine. Shirika la Kiyahudi linaloshughulikia uhamiaji liliwatambua mwaka 2016, lakini Wizara ya Mambo ya Ndani ya Israel imekuwa ikikataa kuwapa haki ya kuhamia ambayo Wayahudi wengine huipata kwa sheria. Ni watu walioishika Sabato chini ya Amin, na bado wanadaiwa ushahidi.